Mkato wa Nne

Mtendeni, alasiri, siku ya kuamkia safari yako

Kalunde mwanangu,

Pokea salamu nyingi kuliko nyuki wa msitu wote wa Ipole, na safari hii siongezi chumvi, maana hakuna aliyewahi kuwahesabu akanipinga. Shikamoo yako ya asubuhi niliijibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda dukani. Marahaba yake kamili ndiyo hii barua.

Nimekaa kibarazani kwa mama yako. Wewe umekwenda kuwaaga shangazi zako, na mama yako yuko ndani anapanga begi lako upya, anatoa alivyotia, anatia alivyotoa. Mambo ya kula na kulala, ya kufunga mlango, ya nani wa kukaa naye na nani wa kumkwepa, atakwambia yeye, na akisahau moja atakupigia treni haijafika hata Itigi. Huko mimi sina la kuongeza. Mimi nataka tuzungumze habari ya simu yenyewe.

Najua umeshasema. Juzi nilipokuuliza unataka simu gani ya kwenda nayo chuoni, ile ya kawaida au ile kubwa yenye kalamu ambayo mwalimu wako wa jiografia aliitaja, hukumaliza hata kunisikiliza. Ulisema, "Baba mdogo, ya kawaida inatosha." Mama yako akadakia hapo hapo, tena kwa kunichoma: "Msikilize mtoto, shemeji. Wewe ukitumwa sufuria unarudi na pipa."

Kweli. Mimi ni mtu wa vikubwa, sijakataa. Tochi yangu kambini kwetu warina asali ikiwashwa watu husogea pembeni wakidhani ni lori. Kofia yangu iliwahi kuniwekea kivuli mimi na mbuzi wawili. Ndiyo maana sikubishana nanyi pale pale, na ndiyo maana naandika badala ya kusema. Kwa mdomo ningeanza vizuri, halafu ningefika kwenye simba. Hadithi zangu zote unazijua, hupita kwa simba. Kwenye karatasi mkono unachoka kabla simba hajatokea. Mwandiko uvumilie. Niliishia darasa la nne, na sababu ninayowapa watu ni kwamba mwalimu aliishiwa ya kunifundisha.

Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Hili umelisikia mpaka limekuchosha, lakini lisikie tena, kwa kuwa kesho unapita njia yake, na tofauti yenu ni kwamba wewe utakuwa umekaa. Alitoka hapa Unyanyembe na pembe ya ndovu begani mpaka pwani, pembe ndefu hata ncha yake ilikuwa inafika kambini mchana na yeye mwenyewe anafika magharibi. Hapo nimeongeza kidogo. Hili linalofuata sikuongeza, nililipata kwa baba, naye kwa babu. Siku ya kuondoka mizigo ilipangwa chini, na kila mpagazi alijichagulia wake. Hakuna aliyemsemea mwenzake. Mzigo ukishautia begani hapa Tabora, njiani humpati wa kubadilishana naye. Wapo walioona haya kuchagua wakaokota kilicholala karibu na mguu wao, kasha dogo la kistaarabu, wakadhani wamepata nafuu. Kumbe kasha lina kona, na kona hula bega. Babu wa babu yangu alichagua pembe. Ni nzito, ni ndefu, watu walimcheka. Lakini pembe haina kona. Ilimkaa.

Basi leo asubuhi nikaenda peke yangu pale dukani kwa Zuwena, yule binti anayeuza simu karibu na soko. Sikwenda kununua. Nilikwenda kuangalia mizigo iliyopangwa chini.

Akaniwekea simu mbili juu ya meza ya kioo. Nilianza na ile unayoitaka wewe, na sina la kuisema vibaya. Imeingia kiganjani kama yai la kanga. Nilipiga picha mkono wangu nikaona makovu ya kuumwa na nyuki ambayo nilikuwa nimeshayasahau. Ina ramani, ina redio, ina kila kitu ambacho hiki kiswaswadu changu cha vitufe hakina. Zuwena akasema fundi yeyote anaijua, kioo chake kikipasuka kinapatikana hata Nzega, chaji inakaa, na mfukoni haitokezi kumwita mwizi. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana akili, amechagua kama mtu mzima. Nilikuwa nimeshageuka niondoke.

Ndipo akaichukua ile kubwa. Kwa umbo, chukulia kibao cha darasani, kile tulichoandikia kwa chaki. Akaibonyeza ubavuni, nayo ikatoa kalamu, nyembamba kama njiti ya mtama, ikatoka mwilini mwake polepole kama sega linavyotoka mzinga ukiwa umeiva. Akanipa. Nikailamba ncha, kama tulivyokuwa tunalamba penseli shuleni.

"Mzee, hiyo hailambwi," Zuwena akasema.

"Itaandikaje kavu?"

"Haina wino."

"Kalamu isiyo na wino, binti yangu, ni mzinga usio na mlango."

"Jaribu kwanza, halafu ndiyo unisimange."

Sasa niandike nini? Jina langu nimeliandika maisha yangu yote na halijawahi kunishangaza. Nikachora alama yetu.

Unaijua alama yetu, Kalunde, lakini nitaieleza kama vile huijui, maana hakuna aliyekukalisha chini akakueleza. Wewe uliiona tu kwenye mizinga juu ya miti. Upinde ule ni wa babu yangu. Mkato wa kwanza chini ya upinde ni wa baba, aliuongeza siku aliyotundika mzinga wake wa kwanza mwenyewe. Wa pili ni wa kaka yangu, marehemu baba yako. Wa tatu ni wangu. Kila mmoja alichukua alama kama alivyoikuta, akaongeza mkato wake kwa kisu chake, na kuanzia siku hiyo mtu yeyote wa Ipole akiinua macho anajua mzinga ule ni wa nani na ametoka kwa nani. Kusoma hatukusoma, lakini ule mti unasomeka.

Na kisu kina namna yake. Unakizamisha mwanzo, unakiachia mwisho. Mkato unaanza mnene, unakwisha mwembamba kama mkia wa panya. Babu alikuwa akisema anayeiba alama ya mtu huijua sura yake, uzito wake haujui. Mkato wa mwizi una unene mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwa hilo walikuwa wanawakamata.

Nikaanza na ile simu ndogo, kwa kidole. Upinde ukatoka. Mikato ikatoka. Sura ni yenyewe kabisa. Lakini minene sawasawa, kichwa na mkia. Nikaguna.

"Nini tena, mzee?"

"Hii imechorwa na mwizi."

Zuwena akatazama mlangoni.

Nikachukua kalamu, nikaisogeza ile kubwa. Nikazamisha. Nikaachia.

Kalunde, mstari ulinenepa nilipokandamiza, na ukakonda nilipoinua mkono. Naandika tena ili uamini, na ili niamini mimi: ulikonda nilipoinua. Kioo kile, kilichotoka nchi ambayo hata jina lake silijui, hakijawahi kuona mti wa mninga wala wa mtundu, hakijawahi kunusa moshi wa kurinia, kimeujua uzito wa mkono wa babu yangu. Nikarudia, safari hii kwa wepesi kabisa, kama mtu anayemtoa mtoto kibanzi jichoni. Kikaitika, uzi mwembamba kuliko unywele. Nikakandamiza. Kikaitika. Nilisimama pale vinyweleo vimesimama. Nilikuwa nimehisi hivyo mara moja tu, nilipokuwa kijana, nilipomfuata ndege mlembe kwa mara ya kwanza, ananiita, naitika, ananiita, naitika, mpaka akanifikisha kwenye asali, nikakaa chini nisijue nimshukuru nani, yule ndege au aliyemuumba. Leo nimesimama dukani, nimeshika njiti, nikahisi vile vile. Nilitafuta neno la kusema nikalikosa. Mimi, Mihayo, ambaye hata jina langu kwa Kinyamwezi maana yake ni maneno.

Zuwena akaniuliza kama naumwa.

Nilimwambia asiuze ile simu mpaka kesho. Nikatoka nje, na nilikuwa nimekwisha amua: unakwenda na kubwa, mtake msitake. Lakini njiani nikaanza kujitilia shaka. Mtu aliyezoea kurudi na pipa lazima ajiulize kama kweli alichoona dukani ni kitu, au ni ukubwa wake tu.

Nikaukumbuka mzinga wangu mkubwa. Huo hukuuona, ulikuwa hujazaliwa. Upepo uliangusha mninga ambao wanaume wawili wakikumbatia vidole havikutani. Wenzangu walitaka kuukata mizinga ya kadiri, wagawane. Nikasema la, huu ni mmoja. Nikauchimba msimu mzima kwa tezo. Kambini wakauita Ikulu. Siku ya kuutundika walivuta kamba wanaume wote, na mti ukainama kutupokea, haki ya Mungu. Nyuki wakaja, kundi zuri la kutosha, na mimi nikaanza kutangaza mjini kwamba mwaka huu Tabora nzima italamba asali yangu peke yangu, wengine wapumzike.

Nilipokwenda kurina, nilikuta masega machache yamejibana kona moja, kama ndugu waliokosana na nyumba. Kwingine kote kulikuwa kweupe, baridi, mijusi inapita. Nyuki wale hawakuweza kuutia joto ule mzinga. Muda si mrefu wakahama. Mimi nikasema nyegere amekula, na mpaka leo Ipole wanajua ni nyegere. Nyegere yule namkuza kila nikisimulia, sasa amefikia ndama. Lakini baba yako alipanda mwenyewe akachungulia ndani, akashuka, akapangusa mikono, akaniambia taratibu ili wengine wasisikie: "Mdogo wangu, ukubwa hauna kosa. Ulikosa nyuki wa kuujaza."

Ndilo neno nililokaa nalo hapa kibarazani leo. Nimekaa nawatafuta nyuki wako, kama wapo wa kuijaza ile simu kubwa, au nakutundikia Ikulu nyingine.

Nikakumbuka ile likizo uliyokuja kambini. Ulikuwa mdogo, bado una meno yanayotikisika. Tulikuwa tumelala mchana, jua limepamba moto, na wewe umechukua mkaa umechora juu ya mfuniko wa ndoo ya asali. Umechora kambi, vijia, mto. Mzee Maganga, mrina asali mwenzetu, alipoamka akaona, akacheka. "Mihayo, mtoto wenu amechora minyoo." Akaugeuza mfuniko huku na huku, akitafuta minyoo mingine ya kuchekea. Halafu akausogeza karibu na macho. Mto ulikuwa umeukandamiza mnene pale penye kina, ukaukondesha pale maji yanapopungua. Hakuna aliyekufundisha. Yule mzee akaweka kidole mahali uzi ulipokuwa mwembamba kabisa. "Hapa," akasema, "hapa ndipo ninaporukia mimi." Akavua kofia. Nilitaka kuusafisha mfuniko tufunikie ndoo, akanikatalia. Ndoo ile ikafunikwa kwa majani mpaka msimu ukaisha.

Na hujaacha. Umechora kwa kijiti uwanjani, umechora kwa ukucha kwenye ukoko wa ugali. Ukuta wa jikoni wa mama yako una ramani ya Mtendeni nzima kwa masizi, naye anaulalamikia kila siku lakini mwaka huu alipopaka chokaa aliuruka. Sasa unakwenda kusomea kupima ardhi. Nyuki hawa, Kalunde, mimi nawasikia wanavuma tangu una meno ya utotoni. Nilikuwa nasubiri mzinga tu.

Hata hivyo naweza kuwa nimekosea. Nimekosea mara nyingi, tena kwa sauti kubwa. Simu utaibeba wewe, siyo mimi, na sababu zako za kutaka ile ndogo ni sababu za kweli, nimeziona kwa macho. Kinachonikereketa ni lile neno lako. Inatosha. Nalijua linakotoka. Nyumba hii imelisema tangu baba yako alipotutoka. Mboga inatosha, sare ya mwaka jana inatosha, shuka moja linatosha. Ni neno lililotufikisha hapa na siwezi kulitukana. Lakini juzi ulilisema kabla hujaziona simu. Ulikuwa unamtazama mama yako usoni. Asali haisemwi inatosha kabla mzinga haujafunguliwa.

Bei isikutie neno. Asali ya msimu huu imesimama upande wako, kwa yoyote utakayoishika. Mama yako nimemweleza. Alinuna, akaniita pipa, kisha akakaa kukushonea kimfuko cha simu. Nimechungulia, kitambaa amekikata kikubwa. Nilipomkazia macho akasema, "Kikubwa kinapunguzwa, shemeji. Kidogo hakiongezwi." Nikarudi kibarazani kwenye barua yangu.

Kesho asubuhi tutakwenda wote watatu, kabla ya mambo ya treni. Ninyi mtaingia. Mimi nitabaki upande wa pili wa barabara kwa muuza kahawa. Nikiingia nitasema, unanijua. Na nikisema, utachagua ama ili kunifurahisha ama ili kunipinga, na vyote viwili ni kubeba mzigo wa mtu mwingine mpaka pwani. Ukitoka na ndogo nitakupokea vile vile ambavyo ningekupokea na kubwa, na watu wote kwenye kahawa watajua kwamba mwanangu ana simu bora kuliko zote Tabora. Hilo la mwisho siwezi kulizuia.

Ombi langu ni moja tu. Kabla hujaamua, mwambie Zuwena akufungulie ile kubwa. Nilipokuwa natoka aliniuliza, "Mzee, nifute?" Nikamwambia aache. Utaukuta upinde wa babu. Utaikuta mikato mitatu. Baada ya mkato wangu nimeacha nafasi.

Wasichana wetu hawakuwahi kuongeza mkato. Tulisema ni kwa sababu hawatundiki mizinga. Hakuna aliyeuliza nani aliwakataza kupanda. Baba yako angeuliza, ninavyomjua, lakini hakuwahi kukuona ukichora. Sasa mwenye alama ni mimi, na mimi nasema mkato wako uwepo. Kesho unatundika wako. Sijui ni mzinga wa namna gani, sijui hata uko juu ya mti gani huko uendako, na kutojua huko kunanipa furaha ambayo sijui niitie jina gani.

Shika kalamu, mwanangu. Zamisha, kisha achia. Ukishamaliza, chagua simu yoyote uitakayo. Hata ukiiacha ile kubwa pale juu ya meza, mkato utakuwa umekwisha kuwa wako, na mkono wako hutauacha Tabora.

Nenda, njia inakujua.

Ni mimi baba yako mdogo,
Mihayo wa Ipole

Ncha usiilambe. Mmoja katika ukoo anatosha.